Nyuzi Mbili za Naheed

Madatali alikiweka kile kinanda juu ya meza ya kulia, akavua saa, akakunja mikono ya shati, akakitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeletwa na ndugu wasiojua kueleza. Wasiwasi hakuwa nao. Mikono yake ilikwisha kufungua cherehani, pampu za maji, redio na mashine za kufungia biskuti, ikavifunga tena vikafanya kazi. Hiki nacho ni mbao na nyuzi. Kitamshinda kwa lipi?

Wenyewe Wazungu wanakiita hadigadi. Ni sanduku la mbao lenye tumbo kama boga, na upande wa mkiani lina hendeli. Ukizungusha hendeli, gurudumu la mti lililomo ndani linasugua nyuzi, nazo zinalia mfululizo bila kupumua, kama fidla ambayo upinde wake hauna mwisho. Zipo nyuzi za katikati zenye vibonyezo, hizo za kupigia wimbo. Halafu zipo mbili za pembeni, moja huku na moja huku, ambazo hazina vibonyezo. Hizo kazi yake ni kuvuma tu, sauti ileile mwanzo hadi mwisho, na wimbo unatembea juu yake.

Naheed, marehemu mkewe, vibonyezo hakuvigusa hata siku moja. Kinanda alikipata kwa mama mmoja wa Kihungaria aliyesimama naye mstari mmoja kiwandani, kule karibu na uwanja wa ndege, wakipanga biskuti kwenye visanduku. Yule mama alipostaafu na kwenda kuishi kwa mwanawe, alimwachia Naheed, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa akikaa kumsikiliza wakati wa chakula. Naheed akakileta nyumbani Rexdale, pembeni mwa jiji la Toronto, kwa basi la Kipling, amekipakata. Akakaa kwenye kochi na koti lake la baridi mwilini, akazungusha hendeli, akasikiliza ule mvumo, kisha akasema, "Madat, hii ni ya pithi."

Na kweli ikawa ya pithi. Maana kwao, Makhoja wa Tanga, binti haendi kuolewa bila kupakwa pithi, ule mchanganyiko wa manjano, unga wa dengu, mafuta na maji ya waridi. Bibi harusi anakalishwa kwenye kigoda, wanawake wanamzunguka, mmoja baada ya mwingine anampaka uso na mikono na miguu, na huku wanaimba nyimbo za Kikachi, lugha ya mababu zao kutoka Uhindi, zinazomsifu bibi harusi na kumchamba mkwe. Zamani Tanga alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa akikandamiza kidole kwenye harmoniamu, asikiondoe, ili waimbaji wasipotee. Toronto hapakuwa na bibi wala harmoniamu. Akawapo Naheed na sanduku lake mapajani. Kutoka Rexdale mpaka Pickering, nyumba ya watu wa kwao ikiwa na binti, Naheed anaitwa. Ule uzi mnene wa kuvuma aliupa jina, Kungwi. Ule mwembamba akauita Mwali. Alikuwa akisema Kungwi anatangulia, Mwali anafuata, na asiyewasikia hao wawili asifungue mdomo kuimba.

Sasa Naheed yuko makaburini, na binti anayeolewa ni wake mwenyewe, Arzina.

Arzina alikuwa amevuka umri ambao watu huacha kuuliza. Alikuwa na nyumba yake Pickering na kazi yake ya hesabu za watu, na baba yake alikwisha kuizoea habari ya kwamba hataolewa. Halafu akatokea Zameer, mjane asiye na mtoto, mpole, wa familia ya Mwanza, na mambo yakaenda mbio. Kila jambo la harusi Arzina alimwambia baba yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake tangu alipoanza shule. Yeye humsemesha Kiswahili au Kikachi, binti anaelewa vizuri tu, na jibu linarudi kwa Kiingereza. Lakini siku alipopiga simu kuuliza habari za kinanda, alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Baba, kama sauti ya mama haipo, mimi sitaki pithi. Nitakwenda hivyo hivyo."

Madatali akamwambia ipo.

Haikuwapo. Alipofungua kabati akakuta Kungwi amekatika katikati na Mwali amechakaa mpaka nyuzinyuzi zimesimama kama manyoya ya kuku mgonjwa. Zilikuwa nyuzi za utumbo wa kondoo, na utumbo unataka hewa yenye unyevu kidogo. Kwenye lile jengo la ghorofa walimopanga, wenye jengo ndio wanaowasha joto wapendavyo wao, Novemba mpaka Aprili, mpangaji huna pa kupunguzia, na kabati lile limepakana na bomba la joto. Madatali alisimama pale na uzi uliokatika mkononi, akawaweka wenye jengo kwenye orodha yake.

Ilikuwa orodha ndefu, na aliibeba kichwani popote alipokwenda. Walikuwamo wakubwa wa kiwanda waliomsimamisha Naheed kwenye saruji miaka yote ile bila kumpa hata kiti. Walikuwamo wale wa kaunta za hospitali. Naheed alipoanza kulalamikia tumbo waliambiwa wasubiri, watapigiwa simu, na simu ilipopigwa ugonjwa ulikwisha tandika mkeka. Madatali aliiacha shule mapema kumsaidia baba yake gereji, hakujua kuandika barua za kulalamika, na walioijua kazi hiyo walimwambia haitasaidia. Basi aliwachukia kimya kimya, kwa bidii, kama mtu anayetunza bustani. Alichojua ni kwamba Naheed alinyang'anywa siku nyingi, na mojawapo ni hii ya kumpaka mwanawe pithi. Sauti yake hawataichukua. Hiyo iko mikononi mwa Madatali.

Kulikuwa na mtu mmoja asiyeamini hivyo, naye ni Shamshad, dada mkubwa wa Naheed. Shamshad ndiye bwana mkubwa wa shughuli za wanawake. Ndiye aliyekoroga pithi, ndiye aliyepanga nani apake baada ya nani. Alimpigia Madatali simu kumweleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha amua, kwamba kijana wa kwao ataleta spika, na kwenye simu kuna mvumo wa kila aina.

"Usijitese, shemeji. Spika ipo."

"Spika kampigie mbwa wa jirani yako," alisema Madatali, na akakata.

Akaanza kwa kusafisha. Akafungua kifuniko kinacholiziba gurudumu, akapuliza vumbi. Ndani ya kifuniko, kwenye mbao, akaona doa la rangi ya manjano, pana kama kiganja. Akalisugua kwa kitambaa, akalisugua kwa sabuni, halikwenda. Grisi za kiwandani, alijisemea, uchafu wao unamfuata mtu mpaka nyumbani. Akaliacha, akachukua koti na kinanda kwenda kutafuta nyuzi.

Duka lenyewe liko mjini, juu ya ngazi, wanatengeneza fidla. Nyuma ya kaunta alikuwapo msichana wa Kizungu mwenye penseli kichwani, kibao cha jina kifuani, Jennifer. Alikipokea kinanda kwa mikono miwili, akakipima huku na huku, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja akigusa ukingo wake kwa ukucha tu. Akamtolea utumbo wa unene wa kati kwa ajili ya uzi mkubwa, na mwingine mwembamba wa kuufuata.

Madatali akautazama ule wa kati, akautazama ule mnene kabisa uliokuwa umening'inia nyuma ya msichana. Sebule ya Arzina itakuwa na wanawake wengi na makelele yao. Uzi mnene ni sauti nene, mtoto mdogo anajua. Akasema anataka ule.

Jennifer akamwambia gurudumu lile ni dogo, halina nguvu ya kuusukuma uzi mnene namna ile. Utakoroma, hautavuma. Alisema bila haraka, na ndilo lililomkera Madatali. Aliisikia sauti ya kaunta nyingine. Hao watu wako radhi wakwambie usubiri, upunguze, uchukue cha kati, na wewe ukishika njia wanakusahau. Akasema tena anataka ule.

"Chukua," alisema Jennifer. "Ila usiukate ncha mpaka umeusikia. Usipofaa nitakubadilishia."

Madatali alirudi Rexdale akiwa na uzi wake mnene mfukoni na nafasi moja zaidi kwenye orodha yake imejaa.

Alifunga uzi jioni ileile, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Akaupiga fundo mkiani, akaupitisha juu ya kijibao kinachounyanyua, akauvusha gurudumu, akaupeleka mpaka kichwani na kuuviringisha kwenye kigingi. Ncha iliyobaki ilikuwa inaning'inia vibaya, akaikata, maana fundi haachi mikia. Kisha pamba. Hilo alilijua kwa kumtazama Naheed: mahali uzi unapogusa gurudumu lazima uvishwe pamba, la sivyo unapiga kelele kama bawaba kavu. Akauvisha pamba nzito ya dukani, akapaka gurudumu ulimbo wa fidla, akakaza kigingi, akazungusha.

Ikatoka sauti ya ng'ombe mwenye kikohozi.

Akaongeza ulimbo. Ng'ombe akakohoa zaidi. Akaongeza pamba, akapunguza, akachimba kijibao kidogo ili uzi ulale chini, akaunyanyua tena kwa kipande cha karatasi. Gurudumu lilikuwa likikwama na kuachia, likikwama na kuachia. Alikaa akautazama ule uzi kwa muda mrefu. Hakukuwa na wakubwa ndani ya chumba kile. Palikuwa na yeye, na uzi aliouchagua, na ncha aliyoikata.

Kesho yake alipanda tena zile ngazi. Alikuwa amejiandaa kuchekwa na alikuwa na majibu tayari, lakini Jennifer alichukua uzi, akatazama ncha, akasema tu kwamba alijua ataikata, hawa wa kazi za mikono wote wanaikata. Kipande kitafaa kwenye chombo kingine kifupi. Akamtolea ule wa kati, uleule wa jana, na ule mwembamba.

Madatali akamuuliza kwa nini basi hakumkatalia jana.

"Ungenisikiliza?"

Akafikiri. "Hapana," akasema.

"Na duka si langu," alisema Jennifer. "Mimi nimeajiriwa tu hapa. Mwenyewe angekukatalia."

Wakacheka wote wawili. Kisha msichana akamwonyesha pamba. Akavuta nyuzinyuzi chache, ndefu, akaziviringisha kwenye uzi kwa kufuata njia ya gurudumu, nyembamba kiasi kwamba uzi wenyewe bado unaonekana chini yake. Madatali alitazama vidole vile, akakumbuka vya Naheed vikifanya hivyo hivyo mbele ya televisheni, na yeye akimwambia aongeze, mbona unaipunja. Miaka yote ile alikuwa akitazama asione.

Safari hii uzi ulikaa. Akazungusha, na Kungwi akafungua mdomo, sauti pana, laini, isiyo na mkwaruzo. Madatali hakushangaa. Alijua itakuja. Akamvisha Mwali pamba yake, naye akakubali.

Kikabaki kitu kimoja, nacho hakimo dukani. Nyuzi zilivuma, lakini zilivuma sauti gani? Uzi unakazwa na kulegezwa, na kila ukikaza kidogo unakuwa mtu mwingine. Naheed alikuwa na sauti yake, nzito kwa mwanamke, na Kungwi alikuwa akikaa pale pale sauti yake inapoanzia. Siku zote aliiweka kwa kufuata friji. Jumamosi za pithi alikuwa akikaa jikoni, friji linaunguruma, naye anakaza kigingi mpaka Kungwi na friji wanakuwa kitu kimoja na huwezi kusema yupi ni yupi. Madatali alikuwa akimcheka kwamba ameoa mwanamke anayeimba na vyakula baridi. Friji lile wenye jengo walikuja kulichukua baada ya Naheed kufa. Walisema linakula umeme. Wakaleta jipya, linang'aa, bubu kama samaki.

Alijaribu kukumbuka. Akakaza, akalegeza, akafumba macho. Kila sauti ilifanana na yake na hakuna iliyokuwa yake. Ijumaa ikafika, kesho yake ndiyo pithi, na shati lake la Jumamosi likiwa bado chafu, akalibeba akashuka nalo kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo.

Alikuwa amekwisha tia shati mashineni aliposimama. Juu ya kichwa chake taa ya tyubu, kuukuu, ilikuwa ikivuma. Chumba kizima kilikuwa kikivuma. Alisimama pale na kikombe cha sabuni mkononi, na ngozi ya shingo ikamsisimka, kwa sababu ilikuwa jikoni kwake, ilikuwa Jumamosi, ilikuwa Naheed na friji. Hakujua kwa nini taa iimbe sauti ya friji. Labda umeme ni uleule, na kila kilichozeeka humu mjini kinaimba wimbo mmoja. Akapanda lifti, akachukua kinanda, akashuka nacho, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mama mmoja wa ghorofa ya juu aliingia na kapu lake la nguo, akamkuta Madatali chini ya taa akizungusha hendeli kwa mkono mmoja na kukaza kigingi kwa mwingine, shingo ameinyoosha kama jogoo. Akamuuliza kama mashine imeharibika.

"Ndiyo kwanza imepona," alisema Madatali.

Jumamosi alikwenda Pickering kwa basi na treni, kinanda mapajani. Arzina alitaka kumtuma mtu amchukue kwa gari, akakataa. Kilikuja kwa basi, kitakwenda kwa basi.

Sebule ilikuwa imeondolewa makochi. Katikati kigoda, chini yake shuka kuukuu la kukinga zulia, na wanawake wamejaa mpaka kwenye ngazi. Spika ya Shamshad ilikuwa juu ya meza, nyeusi, inawaka kijitaa cha buluu. Madatali akapita mbele yake asiitazame, akamkabidhi dada wa mkewe kile kinanda, akamwonyesha hendeli na namna ya kuizungusha polepole. Akamwambia jambo moja tu, gurudumu lisiguswe kwa mkono.

"Hiki kinanda nimekaa nacho kabla hujajua kinafunguliwa wapi," alisema Shamshad. "Nenda zako kwa wanaume wenzio. Na usile sambusa zote."

Mwanaume hakai kwenye pithi, huo ndio utaratibu. Wanaume walikuwa gereji, wamekaa kwenye viti vya kukunja, wanazungumza habari za nyumba na kodi. Madatali hakukaa. Alisimama karibu na mlango wa kuingilia ndani, na mara akasikia Kungwi, kisha Mwali, kisha sauti ya Shamshad ikipanda juu yao, na wanawake wote wakiitikia. Mtu alimpa sahani, akaipokea bila kuona kilichomo. Ilikuwa yenyewe. Friji, jikoni, Jumamosi. Akasema moyoni, mmeona? Alikuwa akiwaambia wale wa kwenye orodha.

Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na katikati ya wa pili mvumo ukateleza. Kukawa na mlio kama wa panya aliyekanyagwa, na baada yake kimya. Kisha manong'ono. Kisha sauti ya mtu akiuliza iko wapi ile spika.

Madatali aliweka sahani chini akaingia. Hakubisha hodi.

Wanawake walipisha, wengine wakivuta mitandio. Arzina alikuwa kwenye kigoda, manjano uso mzima, mikono wazi magotini, macho yake yakimtazama baba yake na si mtu mwingine. Karibu naye Shamshad alikuwa amepiga magoti mbele ya kinanda, kifuniko kimefunguliwa. Juu ya gurudumu palikuwa na kiganja cha mtu, kizima, vidole vitano, cha manjano inayong'aa kwa mafuta. Pamba za nyuzi zimelowa, zimeshikana na uzi kama uji.

Alikuwa na maneno. Njia yote kutoka gereji maneno yalikuwa yakijipanga mdomoni, makali, ya miaka, na hatimaye alikuwapo mkubwa mbele yake, kwa jina na kwa sura, wa kuyapokea.

"Nilikwambia nini?" alisema.

Shamshad hakusimama. Alikuwa ameinua mikono yake ya manjano hewani, kama mtu aliyekamatwa.

"Akishapakwa binti, anapakwa mama yake," alisema. "Ndivyo inavyokwenda. Nilishampaka Arzina. Naheed ningempaka wapi?"

Madatali alilitazama lile gurudumu. Akakitazama kifuniko kilicholala pembeni, na doa lake la manjano, pana kama kiganja, lile alilolisugua kwa sabuni.

Shamshad aliyafuata macho yake. "Hilo ni la Naheed mwenyewe," alisema. "Alikuwa akipaka hapo kila harusi ya binti aliyefiwa na mama, akiwapakia hao waliokwisha kufa. Bibi harusi yatima hakosi."

"Yeye alipaka mbao," alisema Madatali. "Wewe umepaka gurudumu."

"Sasa mimi ningejuaje."

"Si ulikaa nacho kabla yangu."

Mtu mmoja kule kwenye ngazi akacheka, akajiziba. Shamshad naye akatikisika mabega, na haikujulikana anacheka au analia, huenda vyote. Madatali akakunja mikono ya shati. Yale maneno aliyokuja nayo yalikuwa yamekwenda sijui wapi, na hakuwa na muda wa kuyatafuta.

Akaomba spiriti ile ya kusafishia mikono. Zikatoka chupa kwenye kila mkoba. Akafuta gurudumu, akageuza kitambaa, akafuta tena, mpaka kitambaa kikawa kinatoka cheupe. Akazilegeza nyuzi na kuzikwangua ule uji wa manjano. Ulimbo alikuwa nao mfukoni. Pamba hakuwa nayo. Ile ya Jennifer ilibaki Rexdale juu ya meza. Mtu akaleta vile vitambaa vya kufutia rangi ya uso, Madatali akavisugua kwa vidole, akavirudisha, ni plastiki tupu hivyo.

"Baba." Arzina alikuwa amekaa vilevile, mikono mbali na nguo. Alisema kwa Kiswahili. "Vijiti vya masikio. Bafuni, kabati la kioo. Ile ni pamba."

Basi wanawake wa Pickering, na wa Rexdale, na wale waliotoka mbali kwa ajili ya harusi, wakakaa chini kwenye sebule ile wakichambua vijiti vya masikio. Waliokuwa na mikono safi hawakuwapo, kila mtu alikuwa amekwisha gusa pithi, kwa hiyo Madatali aliwaamrisha wote wakanawe kwanza, na wakaenda, hata Shamshad. Wengi walirudi na manjano bado kwenye kucha na mistari ya viganja, maana manjano haikubali maji ya mara moja. Walivuta pamba kwenye ncha za vile vijiti, wakampa, naye akazinyoosha nyuzinyuzi, akaziviringisha, chache, ndefu, uzi ukionekana chini yake. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile. Vilikwenda.

Akakaza kigingi. Taa haikuwapo, friji la Arzina nalo bubu, lakini sasa hakulihitaji. Alikuwa nalo sikioni. Akazungusha, Kungwi akatoka. Akamkaza Mwali mpaka akaingia mahali pake.

Ikabaki nani azungushe. Shamshad akaangalia mikono yake, akaangalia mikono ya wenzake, yote ikinuka mafuta na waridi. Katika nyumba ile, upande ule wa mlango, mikono isiyo na pithi ilikuwa miwili.

"Kaa," alimwambia shemeji yake. "Tazama ukuta."

Madatali akavuta kiti, akawapa wanawake mgongo, akakipakata kinanda, akautazama ukuta mweupe wa binti yake. Akazungusha polepole. Nyuma yake mtu aliizima ile spika, akakisikia kile kijimlio chake cha kuaga. Shamshad akaanza wimbo, akaanza juu, kama sauti yake mwenyewe ilivyo, akayumba, akasimama.

"Pandisha kidogo, shemeji. Uko chini sana."

"Hapo ndipo Naheed alipokuwa akiimbia," alisema Madatali kwa ukuta. "Shuka wewe."

Shamshad akashuka. Wakamfuata wote, sauti zikiwa nzito kuliko walivyozoea, na kati yao moja ilikuwa ya Arzina, kwa Kikachi, kila neno mahali pake. Madatali hakugeuka. Mkono wake ulizunguka bila kuyumba, na haukuyumba hata pale kiganja chenye mafuta kilipokuja kutoka nyuma, cha Shamshad, kikampaka shavu moja, halafu la pili, taratibu, kama anavyopakwa mzazi.

"Hendeli usiguse," alisema Madatali, akaendelea kuzungusha.